Kihamba cha Mama Ndeonansia

Sogeeni. Na wewe unayechezea simu, hebu iweke chini. Nina kesi hapa, na mahakimu ni ninyi.

Kule kwetu Kilimanjaro palikuwa na mama mjane, Ndeonansia, mwenye watoto watatu. Manka, binti wa kwanza, alikuwa king'ang'anizi wa kazi. Anaeli, mwanawe wa kiume, alijua kujishusha; kiburi hakuzaliwa nacho. Aikande, kitinda mimba, alikuwa na macho ya kuona kile usichotaka akione.

Walikuwa na kihamba kimoja kidogo, yaani shamba la ukoo, lenye migomba, kahawa na makaburi. Baba yao akafariki. Matanga hayajapoa, akaja baba yao mdogo, Ndekirwa. "Hiki ni changu. Babu yenu alinipa mimi." Na lo, mpaka ulikuwa umehama! Masale, ile mimea tunayopanda mipakani, yalikuwa yamesimama mlangoni pa jiko la mama. Kesi ikaenda mahakamani, na mama akawa hapati usingizi. Akishindwa, angeondoka na blanketi lake, amwache mumewe kaburini kwenye shamba la mtu mwingine.

Manka alifukuzwa shambani, akatukanwa, akaachiwa mbuzi wale maharage yake. Kulipokucha, yuko palepale na jembe.

"Wewe mwanamke huna haya?" Ndekirwa akafoka.

"Sina, baba mdogo. Hebu nipishe nipalilie."

Kesi ikasota miaka. Hakimu alipouliza ni nani amekuwa akilitunza shamba hilo, kijiji kizima kilimtaja Manka. Bila yeye lingehesabiwa limetelekezwa.

Anaeli naye alikwenda kwa Shangazi Nkunde, ambaye, ukimtoa Ndekirwa, ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokuwepo babu alipogawa ardhi. Tatizo, shangazi alikuwa amegombana na marehemu kaka yake, akaapa hatakanyaga kwake wala kusema neno lolote kwa ajili ya nyumba hiyo. Anaeli akachuma jani la masale, akalifunga fundo, akapiga magoti mlangoni kwake. Kwetu ukiletewa jani hilo huna budi kusamehe. Shangazi alijaribu kukwepa, maskini! Akafunga mlango, akachungulia dirishani, kijana bado yupo.

"Inuka huko, unaniaibisha kwa majirani!"

Akaja mahakamani, akasema wazi: "Baba alimpa kaka yangu. Ndekirwa alipewa ng'ambo ya mto, akauza."

Wakili wa Ndekirwa akadakia kwamba bibi huyu amepatana nao juzi tu, maneno yake yamepikwa. Basi hakimu akaamua kwenda kujionea shamba mwenyewe. Hapo ndipo Aikande alipomwomba asogee migombani. Akafukua majani makavu. Chini yake kulikuwa na visiki vya masale, vimejipanga mstari mnyoofu, vinachipua.

Kung'oa masale ya mpaka ni mwiko mkubwa, ni kujitafutia laana. Kwa hiyo Ndekirwa hakuyang'oa. Aliyakata tu, akayafunika, akapanda mengine mbele. Jamani! Mtu kaogopa laana, hakuogopa mahakama.

"Na hivi ni nini?" hakimu akauliza. Ndekirwa akaanza kuyarudisha majani kwa mguu.

Wakashinda! Vigelegele, mtori wetu wa ndizi, nyama, mama akicheka huku machozi yanamtoka. Lakini marehemu aliacha neno kwamba kihamba kisikatwe vipande, kiwe cha mtoto mmoja atakayetajwa na mama, na kweli kikikatwa hata ng'ombe hapati pa kusimama. Hakimu akamwambia mama arudi ataje mrithi mmoja.

"Mikono yangu hii mnaiona?" Manka akasema jikoni, bakuli mkononi.

"Mila zinampendelea mwanamume, ila mimi sisemi mila," akasema Anaeli. "Nasema magoti yangu."

Aikande akaguna. "Bila macho yangu mtori huu mngeunywea barabarani."

Wakacheka wote, mama akacheka nao. Aliwapenda sawasawa, na alijua hakuna aliyekuwa anatania.

Siku ikafika. Mama kasimama mbele ya hakimu. Nyuma yake watoto wake watatu wamekaa benchi moja, wameshikana mikono. Akitaja jina, mmoja atabaki nyumbani, na wawili wataingia humo kwa kupiga hodi, kama wageni.

"Haya mama," hakimu akasema, kalamu tayari. "Nani?"

Msinitazame mimi. Wewe hapo, ungekuwa ndiye mama, ungetaja jina la nani?