Fisi Mjumbe na Ila ya Bi Sange

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nani?

— Na mwenye tumbo na mwenye pua!

Mwenye tumbo ana nini?

— Ana haraka!

Na mwenye pua je?

— Hatulii!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, usinizuilie upepo.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule yao. Shule yenyewe ilikuwa juu ya kilima, mbali. Unatoka jua linachomoza, jua linakuchoma utosi, na paa lake bado hujaliona. Basi msimu wa palizi ukifika, wazazi wameinama mashambani hawana nafasi hata ya kujikuna, watoto walikuwa wakilala huko huko kwa mwalimu wao.

Na mwalimu wao nani? Kobe. Mwalimu Kobe alijua kusoma, alijua kuhesabu, alijua na kuimbisha. Lakini kutembea, lo! Habari za mwezi huu angezibeba mwenyewe, zingewafikia wazazi mwezi wa pili zimeshachacha, zimeota na ukungu. Akatafutwa mjumbe mwenye miguu na sauti. Akapatikana Fisi.

Kila mwezi ukiandama, Fisi anashuka kilimani na mbiu yake. Tuuu! Tuuu! Wazazi wanatupa majembe, wanakuja mbio.

"Habari za shule, Mjumbe?"

"Nzuri!"

"Watoto je?"

"Wamenona!"

"Mwalimu je?"

"Anawasalimu! Haya, jazeni kapu, watoto wanasubiri."

Wanajaza. Huyu viazi, yule mihogo, yule kunde na majani yake. Fisi anajitwika kapu, tifu, tifu, tifu, anapanda zake. Wazazi wanarudi palizini roho baridi kabisa.

Wote, ila mmoja. Bi Sange.

Sange mnamjua? Kinyama kama panya, miguu kama njiti, na pua ndefu utadhani mkonga wa tembo ulionyauka. Pua hiyo haitulii. Puku-puku-puku, kutwa inanusa. Mwenyewe naye hatulii: akila, anakula amesimama, akilala, sikio moja limekaa macho. Na Bi Sange alikuwa na mtoto mmoja tu, Kidawa, wa kuombewa dua. Kidawa yuko kilimani. Basi mtu wa namna hiyo atatulia vipi?

Mwezi mmoja Fisi kamaliza salamu zake, Bi Sange akapenya katikati ya miguu ya watu.

"Mjumbe, umesema nzuri. Ila?"

"Ila nini?"

"Ila yake. Hujamaliza."

"Nimemaliza. Habari yangu haina ila!"

Mama Nyati akacheka mpaka pembe zikatikisika. "Bi Sange nawe! Unapewa nzuri, wewe unataka mbaya? Hebu kaa kitako, mwenzetu!"

Bi Sange akakaa. Akainuka. Pua, puku-puku-puku. Akawaza: Mimi tangu nizaliwe sijasikia nzuri iliyosimama peke yake. Jirani kaunguliwa na nyumba, ukimuuliza, "Nzuri, ila tunalala nje." Mtu kaumwa na nyoka, "Nzuri, ila mguu huu sina hakika nao." Hata ukitoka harusini, "Nzuri, ila wali ulikuwa na mawe." Nzuri isiyo na ila, hiyo imekatwa mkia. Sasa mkia wa habari hii kaula nani?

Akaona hawezi kungoja. Fisi anafunga kamba ya kiunoni, huku nyuma, chupu! Bi Sange kazama kapuni, chini ya majani ya kunde.

Safari ikaanza. Tifu, tifu, tifu. Viazi vinamgonga mbavu, vumbi linamwingia puani, anataka kupiga chafya, anaiuma. Tifu, tifu... kimya. Wamefika nyuma ya kichuguu kikubwa, kando ya njia. Kapu likashushwa.

"Ah," akasema Fisi, "nionje kimoja tu, nisije nikawapelekea watoto wa watu kitu kibovu."

Kwaru! Nyam! Akaonja kiazi. Kwaru! Nyam! Akaonja na ndugu yake. Akaonja mihogo, akaonja kunde, na Bi Sange chini kule anaona mwanga unaongezeka, unaongezeka, mpaka kucha za Fisi zikamgusa mkia. Akaruka, akaangukia majanini. Fisi wala hakumwona. Macho alikuwa ameyafumba kwa utamu.

Akafuta mdomo, akapanda kilimani na kapu tupu. Bi Sange nyuma, chapu-chapu-chapu.

Huko shuleni Mwalimu Kobe yuko barazani, katoa shingo yote kwa kusubiri.

"Habari za wazazi, Mjumbe?"

"Ila tupu, Mwalimu, ila tupu! Ila mvua imekataa, ila viazi vimeoza, ila Mama Nyati anasema watoto wavumilie."

"Mwezi wa ngapi huu wanavumilia? Na yale niliyokutuma, uliwaambia? Kwamba habari ni nzuri, watoto wamejua kusoma, ila chakula kimekwisha, ila paa linawavujia wadogo, ila Kidawa anakohoa?"

"Neno kwa neno, Mwalimu. Wakalia, masikini."

Mnaona mchezo wake? Wazazi anawapelekea nzuri isiyo na ila. Mwalimu anamletea ila isiyo na nzuri. Katikati hapo yeye anashiba.

Bi Sange akachungulia darasani. Watoto wanaimba, na sauti zao nyembamba kama za mbu. Akamtafuta Kidawa, akamtafuta, akamwona pembeni. Alikuwa amebaki pua. Zamani Kidawa alikuwa akiibeba pua yake. Sasa pua ndiyo ilikuwa imembeba yeye.

Moyo wa mama ukafanya paa! Alitaka kumrukia Fisi kooni. Lakini sange akimrukia fisi, hivyo si vita, hicho ni kitafunio. Na akisema arudi akawaambie wazazi, watasema nini? "Bi Sange, hebu kaa kitako." Akazunguka nguzo, akazunguka tena, pua inafanya kazi. Ndipo akaona jambo. Si Fisi tu. Watu wote nzuri wanaipenda, ila hawana sikio lake.

"Haya," akasema, "nitawapa nzuri."

Akatimka usiku kucha. Chapu-chapu-chapu, miiba inamchana, hajali. Akamkuta Mama Nyati shambani.

"Mama Nyati, habari nzuri! Kesho shuleni kuna karamu ya wazazi, ila..."

"Karamu!" Jembe kule! "Nitavaa nini mimi?"

Akamkuta Bi Nungunungu. "Bi Nungunungu, habari nzuri! Kesho shuleni kuna karamu ya wazazi, ila..."

"Karamu!" Tayari anachana miiba yake.

Akamkuta Baba Ngiri. "Baba Ngiri, habari nzuri! Kesho shuleni..." Huyo hakungoja hata karamu itajwe. Kesha simamisha mkia, kesha ondoka.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza, ila nini? Lakini tuwape haki yao, walikuwa watu wa adabu. Mkono mtupu haulambwi. Nani ataingia kwenye karamu ya watu mikono inaning'inia? Kwa hiyo kulipopambazuka kila mtu alikuwa na mzigo wake: viazi, mihogo, kunde, mkungu wa ndizi. Wakaongozana. Wakapita upande huu wa kichuguu, na Fisi, kesha rudi mafichoni pake, upande ule anakoroma.

Wakafika.

"Karamu iko wapi?" akauliza Mama Nyati.

"Ndiyo ila yenyewe," akasema Bi Sange. "Karamu ni hiyo mliyoibeba."

Walitaka kumla nyama. Ila watoto wakatoka darasani. Ndama wa Mama Nyati akatoka, mbavu zake unazisoma kwa mbali kama mistari ubaoni. Mama Nyati akautua mzigo polepole.

"Mwanangu, si Mjumbe alisema umenona?"

"Mama," akasema ndama, "kiazi kikoje? Nimesahau."

Basi hapo vilio, hapo vumbi, Baba Ngiri anakwaruza ardhi anataka kumfuata Fisi sasa hivi. "Tulieni!" akasema Bi Sange. Sange kumwambia mtu atulie, dunia hiyo! Wakashangaa, wakatulia. Kwanza watoto wakapikiwa, wakala. Kilichobaki kikapangwa ghalani mpaka juu. Halafu wazazi wenyewe wakaingia, wakajibanza nyuma ya vyakula, kwenye giza, kimya.

Bi Sange akashuka mpaka kichuguuni.

"Mjumbe, habari?"

"Nzuri," akajibu Fisi, jicho moja.

"Ninayo nzuri kuliko yako. Ghala la shule limejaa. Viazi mpaka juu, ndizi zinang'aa, mlango wazi, hakuna kufuli, ila..."

Fisi kesha nyanyuka. Tifutifutifu!

"Ngoja, Mjumbe! Kuna ila!"

"Ila kale mwenyewe!" Fisi akajibu kwa mbali.

Alimwita, jamani. Alimwita mpaka sauti ikakauka. Atakayesema hakumwita, mwongo.

Fisi akaingia ghalani kwa kichwa. Giza. Harufu ya ndizi. Akafungua kinywa, na kabla hajakifunga akasikia sauti kizani:

"Habari za shule, Mjumbe?"

Mazoea yana tabu! Mdomo ukajibu wenyewe: "Nzuri!"

"Watoto je?"

"Wamenona!"

"Mwalimu je?"

"Anawasalimu!"

Wakamsubiri kidogo. Kisha wote kwa pamoja, ukuta ukatetemeka:

"ILA?"

Fisi akageuka akimbie. Mwalimu Kobe alikuwa ameanza kuuendea mlango ule tangu mzigo wa kwanza ulipotuliwa. Ndipo alipofika, akakaa kizingitini. Na Kobe akikaa, amekaa.

"Ila..." akasema Fisi. "Ila wazee wangu... mimi nina tumbo tu, jamani. Sina neno jingine."

Pembe za Mama Nyati, gubu! Meno ya Baba Ngiri, chwa! Bi Nungunungu hakusema kitu, akamgeuzia mgongo kistaarabu: chochocho! Fisi akaruka juu ya Kobe, "Uuuuwi!", akatokomea kichakani na miiba matakoni. Mpaka leo mtazameni anavyokwenda, nyuma ameiinamisha. Mtu aliyewahi kukalia miiba hiyo hainyanyui tena.

Kidawa akala, akakohoa, akala tena. Bi Sange akamtazama mpaka akalamba kidole cha mwisho. Ndipo akakaa chini. Kitako kabisa, miguu mbele. Na pua ikatulia.

Ikatulia kidogo tu, maana Mama Nyati akauliza: "Sasa habari za kila mwezi atatuletea nani?"

Wote wakamtazama yeye.

Basi mwezi ukiandama, mjumbe ni Bi Sange. Na yeye huanza na ila. "Ila paa halijaezekwa, Baba Ngiri, na makuti uliahidi wewe! Ila mwanao, Bi Nungunungu, anachoma wenzake foleni! Ila fulani, ila fulani!" Nzuri anaitaja mwishoni, akiwa na pumzi. Siku hizi wazazi wakimwona anakuja, chapu-chapu-chapu, Mama Nyati anajificha nyuma ya mgomba, mwili wote uko nje, anasema, "Mwambieni sipo!"

Haya, wajukuu zangu, funzo la ngano hii mmeliona? Ukirudi kutoka shuleni, mama yako akakuuliza, habari za huko, wewe sema nzuri, kisha funga mdomo. Ya paa usiyataje, ya chakula usiyataje. Kwa maana anayesema ila ndiye anayepewa kazi.

Ngano yangu nimeifunga kinywa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nitaimeza mwenyewe.