Paka Aliyekoroma Nyuma ya Kuni

Paka hukoroma hata akiumia. Ndivyo alivyosema mama yenu asubuhi, shangazi yenu Namsifu alipokuwa akicheka jikoni, nanyi mkanijia mbio kuniuliza maana yake. Kaeni basi, na wewe acha kuchokonoa hilo jamvi. Chanzo chake ni hiki, na kilitokea kwetu milimani Upare, nyumbani kwa bibi yangu Naetwe, mzaa baba.

Bibi Naetwe alipenda paka kuliko alivyopenda majirani. Alikuwa na paka jike mmoja mwenye mabaka, na alijua mambo yake yote: kwamba akikupepesea macho polepole anakuamini, kwamba masharubu humpimia tundu kabla hajaingiza kichwa, kwamba akianguka kutoka juu hujigeuza hewani akatua kwa miguu. Na paka akikoroma, Bibi alisema, ameridhika. Hilo la mwisho alikuwa amelijua nusu.

Mama yangu, Nakijwa, aliolewa pale akiwa msichana mpole. Baba alikuwa akifanya kazi huko tambarare, kwenye mashamba ya mkonge, hivyo nyumbani walibaki wanawake wawili. Nakijwa alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minane. Kutwa nzima ungemsikia anaimba kwa pua, mdomo umefungwa. Bibi akajisifu kwa majirani: "Mkwe wangu hajui kulalamika. Huyo ni kuimba tu." Nakijwa aliyasikia hayo, akazidi kuimba.

Siku moja paka aliteleza kwenye paa lililolowa ukungu, akaanguka. Akatua kwa miguu, akajilamba bega, akaenda zake. Bibi akacheka. Kesho yake asubuhi Nakijwa naye akateleza kwenye njia ya chemchemi, na ndoo ya maji kichwani. Alirudi ana tope magotini.

"Umeumia?" Bibi akamuuliza.

"Utelezi tu, Mama," akasema huku akicheka, akaingia kusaga mahindi.

Mchana Bibi akakumbuka kwamba paka hajaonekana tangu jana, na chakula chake hakijaguswa. Akatafuta uvunguni, akatafuta darini, mpaka akasikia mkoromo nyuma ya kuni. "Kumbe umejificha unastarehe," akasema, akaingiza mkono kumtoa. Masikio ya paka yalikuwa ya baridi. Tumbo lilikuwa gumu, na mguu mmoja wa nyuma unaning'inia. Kila alipoguswa alizidi kukoroma. Macho yamemtoka, kinywa kiko wazi, na bado kifua kinanguruma mikononi mwa Bibi. Hakuwa amewahi kuona jambo kama lile, na aliogopa.

Ndipo akasikia sauti nyingine kutoka chumba cha kusagia. Ulikuwa wimbo ule ule wa kila siku, ila sasa haukuwa na kituo, na jiwe la kusagia lilikuwa limenyamaza. Akamlaza paka juu ya kanga, akaenda. Ni hatua kumi tu, lakini alituambia hajawahi kutembea mwendo mrefu kama ule, maana alijua atakachokikuta na hakutaka kukikuta.

Nakijwa alikuwa amepiga magoti, paji la uso limeegemea jiwe. Midomo imepauka. Unga uliomwagika chini yake umelowa damu.

"Nakijwa, unaumwa?"

"Sijambo, Mama."

"Sikukusalimu. Nakuuliza, unaumwa?"

Akaimba kidogo tena, kisha akasema, "Bibi yangu aliniusia siku ya kuniaga. Ukienda kwa watu usilie, watakuchoka. Ukizidiwa, imba."

"Umezidiwa tangu lini?"

"Tangu chemchemini."

Bibi akapiga magoti juu ya unga ule, akamshika uso kwa mikono miwili. "Mimi ndiye niliyekuziba mdomo, na sifa zangu zile," akasema. "Nisamehe. Sasa lia, mwanangu. Lia majirani wasikie."

Nakijwa akatikisa kichwa. Alikuwa amezoea, hakujua hata aanzie wapi. Ikabidi Bibi aanze mwenyewe kupiga yowe, na katikati ya yowe lile Nakijwa naye akafungua mdomo. Kilio chake kilisikika ng'ambo ya bonde. Wanaume wakaja na machela, wakamteremsha hadi zahanati, mwendo wa saa tatu kwenye utelezi. Kila alipokaa kimya Bibi aliita jina lake, akiogopa kwamba safari hii hataitikiwa. Na kila alipotaka kuimba, Bibi alimwambia, "Hapana. Lia."

Mtoto hakupona. Nakijwa aliponea chupuchupu, na mganga wa zahanati akasema wangengoja hadi jioni wangerudi na maiti. Waliporudi nyumbani paka alikuwa amekufa pale pale juu ya kanga, wakamzika karibu na kuni. Majirani walikuja kutoa pole, wakamuuliza Bibi alijuaje kwamba mkwe wake yu hatarini ilhali alikuwa akiimba. Akawajibu kwa maneno yale yale mliyoyasikia leo, nao wakaenda nayo makwao.

Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye. Nilikuwa mtoto wa kelele mno, hata jirani mmoja akaja kulalamika. Bibi Naetwe akamwambia, "Mwache alie. Nyumba hii watu wanalia."

Haya. Shangazi yenu alifika jana na mkoba mmoja, bila mumewe na bila kutuarifu, na tangu alipovua viatu hajaacha kucheka. Mama yenu amefunga mlango wa jikoni, yuko naye humo. Msiende kugonga, na mkisikia kilio msiogope. Paka hukoroma hata akiumia.