Sreymom Awatoa Watu Kasinoni

Katika mji mmoja wa mpakani kule Kambodia, Sreymom aliuza supu ya tambi mlangoni pa kasino. Asubuhi moja mwenye kasino, tajiri Vuthy, alimjia juu.

“Ondoka, mama. Unanichafulia mlango.”

“Nikiwatoa wateja wako wote bila kusema neno, nitabaki?”

Vuthy akacheka mpaka machozi yakamtoka. “Hao? Hata moto hauwatoi! Ukiweza, utauza hapa mpaka uzeeke.”

Sreymom akaenda kwake, akarudi na saa kubwa ya ukutani, akaitundika katikati ya ukumbi ule usio na saa wala dirisha. Mcheza karata mmoja akainua macho.

“Mama yangu! Saa tatu asubuhi? Leo namwoza binti yangu!”

Wengine nao wakakumbuka kazi na wake zao, wakakanyagana mlangoni.

Vuthy akatoka, akavuta kigoda. “Nipakulie basi.”