Nyumba ya Amana ya Kaishari na Mifuko Iliyosema

Katika zama ambazo hesabu yake anaijua Mola peke yake, mji wa Kaishari ulitawaliwa na Sultani Muhsini bin Raihani, mtu mpole wa maneno, aliyerithi kwa baba yake ukuta imara kuuzunguka mji, mfereji wa maji matamu, na deni lililovijenga vyote viwili. Mwenye kudai alikuwa mfalme wa Barkasi, na kwa kuwa nzige walikula mashamba mwaka hata mwaka na misafara ikashika njia nyingine, deni lile lilizaa, na watoto wake wakazaa, hata ikawa sultani akiamka asubuhi haulizi tena habari za mji, huuliza habari za deni.

Na katika mji huo palikuwa na Nyumba ya Amana isiyo na mfano wake, kwa sababu mlinzi wake alikuwa jini, jina lake Harkushi, aliyefungwa kwa pete na babu yake sultani ili atunze akiba za watu, wakubwa na wadogo. Jini huyu hakuwa na usingizi wala njaa wala shemeji wa kumkopesha, basi watu walimwamini kuliko walivyoamini masanduku yao wenyewe. Na desturi ilikuwa hivi: mtu akileta fedha zake huzitia mfukoni, na kabla ya kuukaza uzi huinamisha mdomo na kunong'ona humo ndani nia yake, kwamba fedha hizi ni za jambo fulani, kisha hufunga, na jini huuweka mfuko mahali pake. Hakuna aliyejua nia ya mwenziwe, na hakuna aliyeuliza.

Miongoni mwa walioweka alikuwa Feruzi, mpishi wa halua, mgane, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Majirani aliwaambia kwamba akiba yake ni ya kununulia sufuria mpya, na sufuria yake haikuwa na kasoro yoyote. Fedha zile zilikuwa mahari ya Bi Shinuna, mjane aliyeuza mikate ya mofa upande wa pili wa njia, na Feruzi hakupata kumwambia neno, maana kila siku alijiambia kwamba atasema mfuko utakapojaa. Sasa ulikuwa umejaa. Kaka yake Bi Shinuna, Mzee Badawi, alikwisha kutaja mahari atakayoridhia, na sonara mmoja mwenye duka zuri alikwisha kuonyesha kwamba anayo, na jibu lilikuwa litolewe Ijumaa baada ya sala. Feruzi alikusudia kuuchukua mfuko wake siku moja kabla na kumtangulia sonara.

Lakini mwanzoni mwa juma lile lile, alasiri, mpiga mbiu akapita mitaani akinadi:

"Enyi watu wa Kaishari! Bwana wenu sultani, Mungu amrefushie umri, anadaiwa na mfalme wa Barkasi, na mjumbe wa Barkasi yumo mjini anangoja. Basi kila akiba iliyomo katika Nyumba ya Amana itakatwa sehemu moja katika saba. Nyumba imefungwa tangu saa hii. Alhamisi asubuhi jini atakata, kisha kila mtu atapewa kilichobaki!"

Feruzi aliacha halua jikoni ikashika chini, na harufu yake ikafika msikitini. Alipofika kwenye Nyumba ya Amana alikuta mji mzima umesimama mlangoni, wengine wamevaa kiatu kimoja.

"Mimi humo nimeweka sanda yangu," alisema bibi kizee aitwaye Bi Tausi. "Wakikata moja katika saba, niambieni, nitazikwa miguu nje au kichwa nje?"

"Miguu, bibi," akajibu hamali mmoja aliyekaa juu ya gunia. "Kichwa chako ukikiacha nje watu watahama mtaa."

"Cheka tu, wewe huna hata senti humo ndani."

"Wallahi sina! Leo ndiyo mara ya kwanza tangu nizaliwe kuwaonea huruma matajiri."

Hamdani, mfanyabiashara wa hariri, alikuwa anapiga mlango kwa ngumi. "Huu ni wizi! Kama sultani ana deni, si auze farasi wake?"

"Aliuza mwaka jana," mtu akamjibu kutoka nyuma, "na wewe ndiye uliyemnunua, kwa bei ya punda."

Watu wakacheka, Hamdani akageuka. "Mimi nilikopa? Nauliza, mimi nilikopa?"

"Hukukopa, Bwana Hamdani, lakini adui walipokuja ulilala nyuma ya ukuta ule ule. Ama ulijifunika hariri?"

"Na mimi niliyezaliwa baada ya ukuta?" akauliza kijana mmoja. Feruzi alisikiliza, na kila aliyesema alimwona ana haki, na jambo hilo halikumpunguzia chochote, maana moja katika saba ikitoka, mahari itapungua, na ikipungua, sonara ataoa.

Siku ya pili akapata ruhusa ya kuingia kwa Waziri Tahiri, akabusu zulia, akasema, "Bwana wangu waziri, Mungu akuzidishie heshima. Naomba mfuko wangu usikatwe hadi Jumamosi. Baada ya hapo kateni mara mbili, sitalalamika."

Waziri alikuwa hajalala siku nyingi, na macho yake yalikuwa mekundu. "Feruzi, kila aliye nje ana sababu. Nikiisikia ya kweli inayopita zote, huenda nikamwomba bwana wetu. Sababu yako ni ipi?"

Mlangoni walisimama askari watatu, na mmoja wao alikuwa mpwa wa Mzee Badawi. Feruzi akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena.

"Sufuria," akasema.

"Sufuria itangoja," akajibu waziri kwa upole, na Feruzi akatoka akiwa anajilaani njia nzima.

Ilipofika Alhamisi asubuhi, uwanja ulijaa hata juu ya mapaa. Bi Shinuna naye alikuwapo na kikapu chake, akiwauzia mikate waliokuja bila kula. Sultani aliketi roshani ya Nyumba ya Amana, na kulia kwake aliketi Kafuri, mjumbe wa Barkasi, mtu mnene asiyecheka, na waziri akaisugua pete. Jini Harkushi akatokea mlangoni, mrefu kama mnara, akainama.

"Ewe mwenye pete, nimesikia na nimetii. Ila sijapata kuufungua mfuko bila mwenyewe kuwapo. Mwenyewe akifungua, nia yake humrudia kinywani kimya kimya. Nikifungua mimi, sijui itakwenda wapi."

"Nia haina uzito wala bei," akasema waziri. "Fungua."

Jini akafungua mfuko wa kwanza, na papo hapo sauti ikatoka, sauti ya Bi Tausi mwenyewe, ikapaa juu ya uwanja kama adhana, hata waliokuwa mbali malangoni mwa mji wakaisikia: "Hizi ni za sanda yangu, na kitakachozidi mpeni mjukuu anunue viatu."

Watu wakatazamana. Jini akafungua wa pili. "Hizi hazina kazi," ikasema sauti ya Hamdani, "ila nimzidi shemeji yangu." Shemeji yake alikuwa amesimama bega kwa bega naye, na uwanja ukalipuka kwa kicheko. Ikafuata ya mama anayetaka kumtafutia tabibu mwanawe asiyesikia, na kicheko kikafa. Ikafuata ya mtu anayetaka kumlipa ndugu yake kitu alichomdhulumu, na ndugu mwenyewe akaketi chini akajifunika uso.

Ndipo Feruzi akafahamu kinachomjia. Akajipenyeza kuelekea mlangoni akisema, "Nipisheni, nipisheni jamani," wala hakuwa amefika nusu ya njia jini aliponyanyua mfuko wenye uzi mwekundu.

"Hizi ni mahari ya Shinuna," ikasema sauti ya Feruzi, polepole, na mji mzima ukasikia, "Mungu akinijaalia siku moja nipate moyo wa kumwambia."

Feruzi akasimama pale alipo. Watu waliokuwa karibu naye wakasogea kidogo, kama wanavyosogea mtu akimwaga kitu. Hakuthubutu kutazama upande wa kikapu cha mikate.

Lakini uwanja haukupata nafasi ya kumcheka, maana mkono wa jini ulikwisha kushuka juu ya mfuko wa atilasi, na sauti iliyotoka humo kila mtu aliijua. "Hizi," ikasema sauti ya Sultani Muhsini, "ni za siku nitakaposhindwa na kukimbia."

Waziri akainamisha kichwa. Sultani akainuka, akashuka ngazi za roshani kwa miguu yake, akasimama mbele ya watu pasi na mwavuli wala askari.

"Enyi watu wangu," akasema, "sauti ile ni yangu, sitaikana. Niliweka fedha hizo katika mwezi ule nzige walipokuja mara ya pili, nami niliogopa. Nilitaka kuwakata ninyi huku yangu nimeiweka ya kukimbia. Jini, funga mifuko yote, pasitoke hata dirhamu moja. Mfuko wa atilasi mpe mjumbe, ni malipo ya mwaka huu, na deni lililobaki nitalijibu mimi."

Bi Tausi akapaza sauti: "Usijilaumu sana, bwana wetu! Hata mimi ningeweka ya kukimbia, ila magoti hayataki."

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa cha namna nyingine, na sultani mwenyewe akakificha kinywa chake kwa kanzu.

"Bwana wangu," akasema jini, "nimetii, ila huu mmoja nilikwisha kuulegeza uzi." Na kabla hajaukaza ikatoka sauti nzito, ya lafudhi ya Barkasi: "Hizi ni zangu mimi Kafuri, nimeziweka huku ugenini, kwa sababu kwetu bwana wangu hukata bila kutangaza."

Mjumbe akawa mweupe kama unga. Kama mfalme wake angelisikia neno lile, kichwa chake kisingelala mahali pamoja na mabega. Lakini sultani akasema bila kugeuka, "Ufungeni mfuko wa mgeni wetu. Amana yake ni amana kama ya mwingine, na yaliyosemwa hapa leo yatabaki ndani ya ukuta huu."

Watu wakaitikia kwa sauti moja kwamba yatabaki. Kafuri akajifuta jasho, kisha naye akashuka. "Ewe sultani," akasema, "nilipewa idhini ya kupokea deni hili kidogo kidogo, kwa miaka mingi, pasi na nyongeza. Niliagizwa nisiiseme mpaka nione hamna njia nyingine. Naona nimekwisha kuona." Akavua pete yake, akaitia muhuri hati ya deni palepale. Watu wakakumbatiana na wasiowajua, na hamali akambeba Bi Tausi mabegani huku anamtukana kwa furaha.

Feruzi alikuwa bado amesimama. Alipoinua macho, Bi Shinuna alikuwa mbele yake, kikapu kitupu kiunoni.

"Mikate mitatu ulinunua kwangu kila siku," akasema, "na mtu anaishi peke yake. Nilidhani una wageni."

"Nilikuwa nawapa mbuzi wa jirani," akasema Feruzi.

"Mbuzi wamenenepa kwelikweli." Akamtazama. "Kaka yangu ametaja mahari yake. Yangu hajaniuliza. Nia ya mfuko nimeisikia, na mji mzima umesikia. Sasa nataka kuisikia kwa kinywa chako, Feruzi, hapa hapa."

Naye akasema, kwa maneno machache kama kawaida yake, lakini akayasema yote hadi mwisho. Mzee Badawi alinung'unika mpaka jioni, kisha akaridhia, na sonara, mtu muungwana, alituma bangili na salamu njema.

Harusi ikafanywa, sultani akiwa shahidi, na halua ikaliwa mji mzima, na jini Harkushi aliomba zawadi moja tu, siku moja ya kukaa mahali asikosikia siri ya mtu, akaketi karibu na ngoma akastarehe. Deni likalipwa taratibu, kwa ushuru uliojadiliwa uwanjani mbele ya wote, watu wakigombana kwa mapenzi yao, misafara ikarudi, na Feruzi na Bi Shinuna wakafungua duka moja la halua na mikate, wakatajirika kiasi cha kutosha kulala bila wasiwasi. Na wazee wa Kaishari waliwafundisha wana wao kwamba akiba ya mtu ni hofu yake na matumaini yake vilivyofungwa pamoja, basi anayeihitaji, awe sultani au nani, na aje kwa mlango wa mbele, aombe.