Mkeka wa Kalunde

Hapo zamani, zamani ile ambayo ndoto zilikuja hata mchana kweupe na watu wakazipisha njia, palikuwa na nchi ya kinamasi ambako ukungu haukuwa na haraka ya kuondoka. Watu wa huko walisuka mikeka ya mafunjo, na walikuwa na ada yao. Mtu akikuokoa na kifo, unamsukia mkeka wa uhai, na siku yake ikifika atazikwa nao. Unasuka mmoja tu maishani mwako. Ukisuka wa pili, wa kwanza umekuwa uongo. Asiyewahi kupewa mkeka huo alizikwa kwa majani ya migomba, na waliomzika walirudi nyumbani bila kumtaja.

Kalunde alikuwa bingwa wa kusuka. Siku moja funjo likamkata kiganja. Kidonda kikavimba, kikanuka, wekundu ukapanda hadi kwenye kiwiko. Kila jani la dawa lilijaribiwa, wapi! Waganga wakasema mkono ukatwe kabla uozo haujafika moyoni. Kalunde akalia sana. Hakulia kwa maumivu, aliulilia mkono wenyewe, maana ndio uliomfanya awe Kalunde.

Mchana huo mumewe, Mihayo, akasinzia kando ya mafunjo yaliyoanikwa. Akaota yumo ndani ya chura. Ngozi ya chura ilikuwa ukumbi mrefu wenye umande, na ini lake chumba chenye mwanga wa kijani. Humo mote walikuwamo wafanyakazi wadogo wasio na sauti, wakibomoa kuta za vijumba vya uozo. Ukuta ukianguka, uozo unamwagika na kufa. Wasomi wa siku hizi wafanyakazi hao wanawaita vimeng'enya. Mihayo hakuwa na jina la kuwaita. Aliamka na swali tu: chura hulala kwenye tope bovu maisha yake yote, mbona haozi?

Kulisema hilo kulimtia haya, kwani mwanamume aliyeota chura alichekwa hadi uzeeni. Lakini aliutazama mkono wa mkewe, akasema mbele ya wote. Wakamcheka kweli. Si tunasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji? Basi wakadhani habari za chura wamezimaliza.

Dada yake Mihayo, Limi, hakucheka. Tangu utotoni Limi aliogopa vyura. Akimkuta mmoja njiani, hurudi alikotoka. "Wifi, nitakuletea," akasema. Akaingia kinamasini, maji yakamfika kifuani, akatoka na chura mkubwa mikononi, macho ameyafumba.

Mama yao, Nyanzobe, akamlaza chura juu ya kidonda, akamfunga kwa kitambaa chepesi, akakaa. Chura akikauka, anamlowesha. Kalunde akilia, anamwimbia. Chura akikauka, anamlowesha. Kalunde akilia, anamwimbia. Siku zikapita hivyo, ukungu ukiingia na kutoka mlangoni. Katika homa yake Kalunde hakujua tena kama ubaridi ule ulikuwa wa chura au wa kiganja cha mama mkwe. Wekundu ukashuka, harufu ikaisha. Asubuhi moja vidole vikakunjika. Asubuhi hiyohiyo usingizi ukampitia Nyanzobe, na chura akakauka, akafa.

Kalunde alikataa chura atupwe. Akamweka kwenye kigae cha chungu, akaketi kusuka. Mkeka ulipokwisha, akawaita wote.

"Mke wangu," akasema Mihayo, "bila ndoto yangu, Limi angeingia majini kutafuta nini? Nimechekwa, na nitachekwa mpaka nife. Mkeka ni wangu."

"Kaka, ndoto haina miguu," akasema Limi. "Bila mimi ungekuwa bado unaisimulia. Niliogopa, na nikaenda. Wifi, mkeka ni wangu."

"Wanangu," akasema Nyanzobe, "bila mimi mngekuwa na ndoto na mzoga wa chura. Mimi nimekula chumvi nyingi, na sijawahi kupewa mkeka. Sidhani nitapata mtu mwingine wa kumwokoa."

"Lakini mama, chura si alifia mikononi mwako?"

"Alifia mikononi mwangu, Limi. Silikatai hilo."

Kalunde akakitazama kigae. "Na huyu je?"

"Zawadi hupewa aliyetoa," akasema Mihayo. "Chura hakutoa kitu. Alinyang'anywa."

"Aliyenyang'anywa ndiye anayetudai zaidi," akasema Kalunde.

Aliwapenda wote, na hilo ndilo lililomwumiza. Akimpa mumewe, Nyanzobe atazikwa kwa majani, na siku zake zimekaribia. Akimpa mama mkwe, atakuwa amemtuza aliyemwacha chura afe. Akimpa Limi, yule aliyebeba kicheko cha kijiji atabaki nacho mikono mitupu. Na akimfunika chura, wote watatu watakwenda kaburini kama watu ambao hawakuwahi kumfaa mtu. Akasimama katikati yao, mkeka ameukumbatia.

Mimi ninayoyajua yameishia hapo. Nanyi mliokaa mkanisikiliza, mkeka ni mmoja na wanaoungoja ni wanne: Je, nani alistahili kuzikwa nao?