Joto la Beringi Namba Saba

Si kila joto ni njaa. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Kabula juzi, alipokuwa amemkalia mwanawe na kijiko cha uji, mtoto mwenyewe anawaka mwili mzima na mdomo kaufunga ndi. Kabula akaweka kijiko chini, akampeleka zahanati, na leo mnamwona mtoto anavyowakimbiza kuku. Lakini nyinyi wajukuu zangu hamkuhangaika na mtoto. Mlinasa maneno tu: "Babu, methali hiyo umeitoa wapi? Shuleni hatujaisoma." Hamjaisoma kwa sababu haikutoka kitabuni. Ilitoka kwenye mashine. Endeleeni kumenya karanga huku mnasikiliza, na asiyemenya asile. Ilianza hivi.

Pale Mwabulenga palikuwa na jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Ndani yake ilipita shafti moja ndefu ya chuma, kutoka ukuta hadi ukuta, ikizunguka kutwa na kuendesha mashine zote. Shafti hiyo ilishikwa na beringi kumi na mbili. Kwa asiyejua, beringi ni nyumba ndogo ya chuma yenye gololi ndani, na shafti huzunguka juu ya gololi hizo bila kusagana. Gololi zinataka grisi. Zikiikosa husuguana, hupata moto, na moto ule ukikutana na vumbi la pamba, kimbia wala usigeuke nyuma.

Mtu wa grisi aliitwa Lushinge. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita, bomba la grisi begani na kitambaa mfukoni. Kila asubuhi shafti ilipoanza kuzunguka, alipita beringi moja moja. Alizigusa kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyompima mtoto homa. Kisha alichukua bisibisi, ncha akaiweka kwenye chuma, mpini akauweka sikioni, akasikiliza. "Beringi yenye njaa hulia," alikuwa akisema. "Hulia nyembamba, kama kitoto cha mbuzi kilichoachwa zizini." Akisikia kilio alisukuma bomba mara mbili tatu, kilio kikakatika, akaendelea na safari yake.

Katika zote kumi na mbili, iliyokuwa moyoni mwake ni namba saba. Mwaka mmoja malaria ilimlaza siku nne, na hakuna aliyekumbuka kuilisha. Saba ikakauka, ikawaka, na marobota thelathini ya pamba ya wakulima yakawa majivu kabla ya saa sita mchana. Hakuna aliyemlaumu Lushinge, maana mgonjwa ni mgonjwa. Alijilaumu mwenyewe. Akaapa kwamba maadamu yu hai, Saba haitashinda njaa tena.

Basi msimu mmoja akaja fundi mkuu mpya, dada mmoja wa kutoka Magu, jina lake Minza. Alikuja na sanduku la vikopo kumi na viwili. Kila kikopo kilikuwa na grisi chini, springi juu yake, na kijiti cha chuma kilichochomoza kwenye kifuniko. Minza alivifunga juu ya beringi, akawaita watu wote waje waone.

"Springi inaisukuma grisi polepole, usiku na mchana," alisema. "Beringi inakula kidogo kidogo, kadiri inavyohitaji. Kijiti kikishuka, mjue imekula. Kikifika chini, tunajaza kikopo upya. Kuanzia leo mabomba yote yaingie stoo. Sitaki mtu alishe beringi kwa mkono."

Watu wakafurahi, wakavipa vikopo jina hapo hapo. Wakaviita mayaya, kwa kuwa vilibaki na watoto wakati wenyewe wameondoka. Lushinge alicheka pamoja nao, lakini alikuwa wa kwanza kuacha. Yaya hajui kuugusa uso wa mtoto, alijisemea. Akalirudisha bomba la kazini stoo, akatia sahihi. Bomba lake la zamani, lile lililofungwa waya mpinini, akalificha nyuma ya magunia matupu.

Siku tatu zikapita. Mayaya kumi na mmoja walifanya kazi yao, vijiti vikishuka kwa unywele kila siku, na beringi zikawa baridi mpaka Lushinge akashangaa. Saba peke yake ilikuwa na joto. Akatazama kijiti chake: kipo juu vile vile kama siku ya kwanza, hakijashuka hata kidogo.

"Ahaa," alisema. "Yaya huyu mvivu. Mtoto hajalishwa."

Na ukweli ni kwamba alikuwa ameilisha yeye mwenyewe, kila asubuhi kabla ya king'ora, kwa sababu ya kiapo chake. Sasa akaongeza. Alisukuma bomba mara sita, kesho yake mara kumi. Saba ikazidi kupata moto. Alipopita tena saa nne, mgongo wa mkono haukuvumilia kukaa pale hata kwa kuhesabu tatu. Ndipo kitu kikaanza kumkereketa kichwani. Beringi zinazokula kidogo zimepoa. Hii inayokula kuliko zote inaungua. Inakuwaje?

Alhamisi mwenye kiwanda akafika. Akaigusa Saba, akaurudisha mkono haraka na kuupuliza. Nje, pamba ya vijiji vinne ilikuwa imerundikwa uani, na magari yalikuwa bado yanaleta. Mwenye kiwanda akaitazama pamba, akamtazama Minza.

"Fundi, hapa paliwahi kuungua," alisema. "Jumamosi narudi. Nikikuta joto hili, vikopo vyako utavifungasha na wewe utapanda basi navyo."

Minza akachukua spana. Alikifungua kikopo cha Saba, akakisafisha, akakijaribu kiganjani. Grisi ikatoka vizuri, kijiti kikashuka. Akakifunga tena mahali pake, kijiti kikagoma. Akakaa juu ya ndoo, mikono magotini, akimtazama Lushinge.

"Baba, wewe umeishi na mashine hii tangu mimi nanyonya. Ina nini?"

Lushinge akatazama pembeni. "Mashine ina mambo yake, mwanangu," alisema, na neno lile likamkaa vibaya mdomoni. Alijua kwamba akisema habari ya bomba, kazi imekwisha, maana amri ilikuwa wazi na sahihi yake ipo stoo. Akinyamaza, binti wa watu atafukuzwa kwa kosa asilolijua. Chai ya siku hiyo aliinywa ikiwa imepoa, wala hakugusa muhogo.

Ijumaa asubuhi shafti ikawashwa. Alilitoa bomba nyuma ya magunia, akafika mbele ya Saba, mkono ukasita. Miaka ishirini na sita hakuwahi kulisha beringi kabla ya kuisikiliza, na wiki ile nzima alikuwa ameilisha Saba kwa hofu, bila kuisikiliza hata mara moja. Akaliweka bomba chini. Akachukua bisibisi, akatega sikio.

Saba haikulia.

Alihamisha ncha, akasikiliza upande wa pili. Hakuna kilio. Kulikuwa na sauti nzito, ya chini, kama mtu anayetaka kusema na tonge limejaa mdomoni. Lushinge akasimama pale, bisibisi sikioni, macho kwenye kijiti kilichokataa kushuka. Akakumbuka maneno ya Minza: beringi inakula kadiri inavyohitaji. Na kama haihitaji? Grisi ya yaya itaingilia wapi, ikiwa nyumba imejaa mpaka mlangoni?

"Mama yangu!" alisema kwa sauti. Akalibeba bomba mbele ya watu wote, akaenda nalo mpaka kwa Minza.

"Fundi, yaya wako si mvivu," alisema. "Mtoto ndiye aliyeshiba. Mimi nimekuwa nikimlisha kwa siri, kwa bomba hili. Grisi imejaa humo, gololi zinajikokota kama miguu kwenye tope. Joto linatoka hapo. Kosa ni langu, unifukuze, lakini usipande basi kwa ajili yangu."

Minza alilitazama bomba na mpini wake wa waya. Kabla hajasema, mlinzi wa jineri, Gogadi, aliyekuwa mlangoni akijifanya hasikii, akakohoa.

"Fundi, na mimi," alisema. "Jioni nikipita naiona ina moto, naionea huruma. Nilikuwa nalichukua bomba la mzee nyuma ya magunia. Nilikuwa natia kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka mkono uchoke."

Lushinge akamkodolea macho. "Kumbe! Ndiyo maana grisi yangu ilikuwa inakwisha upesi!"

Minza akajifunika uso kwa mikono miwili. Walidhani analia. Mabega yalikuwa yakitikisika kweli, lakini alipoiondoa mikono walikuta anacheka mpaka machozi.

"Na mimi," alisema. "Juzi na jana. Nilichukua bomba stoo, nikailisha mwenyewe. Niliona aibu yaya wangu kushindwa."

Wakatazamana watu watatu, walezi watatu wa mtoto mmoja, na yaya wa nne juu yake. Hakuna aliyekuwa na mdomo wa kumfukuza mwenzake.

Minza akaamuru shafti isimamishwe. Akaweka spana kwenye kizibo kilichokuwa tumboni mwa Saba, akakifungua, kisha akaagiza shafti izungushwe taratibu. Grisi ikaanza kutoka. Ilitoka nyeusi, nzito, ikianguka kwenye ndoo matonge kwa matonge, robo saa nzima, mpaka Gogadi akauliza kama beringi ile ilikuwa na tumbo la ng'ombe. Ilipoacha kutoka, wakafunga kizibo. Mabomba yote yakaingia stoo, na safari hii ufunguo akaushika Lushinge mwenyewe.

Mchana ule hakuna aliyeilisha Saba kitu. Hebu fikirini ugumu wake: mtu aliyeapa isishinde njaa, akae pembeni mikono mitupu huku ingali ya moto. Kila mara aliinuka, akapiga hatua mbili, akarudi kukaa. Saa nane alipogusa, mkono ulivumilia. Saa kumi alipogusa, akauacha mkono hapo hapo, kama umesahaulika.

Jumamosi asubuhi mwenye kiwanda alifika na uso wake ule ule. Minza akasimama wima kando ya shafti. Yule bwana akanyoosha mkono kwa woga, akaigusa Saba. Akaigusa tena. Akaweka kiganja kizima. Ilikuwa baridi kama dada zake kumi na mmoja, na kijiti cha yaya, kwa mara ya kwanza kikiwa mahali pake, kilikuwa kimeshuka unywele.

"Mmeipa nini?" aliuliza.

Minza akafungua mdomo, lakini Lushinge alimtangulia.

"Tumeinyima, bosi," alisema. "Tulikuwa tunaiua kwa mapenzi. Si kila joto ni njaa."

Mwenye kiwanda hakuelewa, na hakuna aliyejipa kazi ya kumweleza. Minza hakupanda basi. Lushinge alibaki mtu wa beringi mpaka alipostaafu, lakini bomba hakulibeba tena. Alibeba bisibisi na mkono wake, na mwisho wa mwezi alijaza vikopo. Nao watu wa jineri wakaubeba ule usemi nyumbani, wakautumia kwa watoto, kwa ng'ombe, na kwa wake na waume walionuniana. Umefika mpaka hapa kwangu, kwa sababu mlinzi yule Gogadi, aliyetia grisi mpaka mkono ukachoka, ndiye babu yenu anayesema nanyi.

Msinicheke. Mkimwona mtu anaungua, msikimbilie kijiko. Mguseni kwanza, mtege sikio, mmwulize ameshakula mangapi na kwa mikono ya nani. Si kila joto ni njaa.