Kuni za Kumtafuta Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitikia kwa pua? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu yako hajajua kutambaa, palikuwa na kijiji cha wagema. Wanaume walipanda minazi wakagema tembo. Wanawake walisuka makuti. Na wote, wanaume kwa wanawake, walisema. Walisema asubuhi, wakasema mchana, na walipokauka koo walikunywa maji wakaendelea.

Kijiji hicho kilikuwa na mzee wake, mwanamke, jina lake Bibi Mbeyu. Alikuwa mfupi, mkavu, na masikio yake yalisikia kuliko alivyopenda. Hakuwa mganga. Hakuwa na hirizi wala fimbo ya ajabu. Alikuwa na jiko kubwa na subira, basi.

Na palikuwa na desturi. Mtu akipotea, habari zake hazisemwi njiani. Mwenye habari huzipeleka kwa mzee, tena haendi mikono mitupu. Hubeba gogo la kuni, hulitia motoni, kisha husema lake huku gogo likiwaka. Wahenga walifikiri hivi: mtu aliyetwishwa gogo ataona uvivu kubeba na uongo juu yake. Wahenga walikosea. Nao ni watu. Kijiji kikazoea kuamini kwamba mwenye gogo kubwa ndiye mwenye neno la kweli.

Basi siku moja mgema aliyeitwa Ndaro alikutwa amekufa chini ya mnazi wake. Watu wakasema ameanguka. Wakamgeuza, wakaona jeraha la panga mgongoni. Wakatazamana, wakakubaliana kwamba mnazi haushiki panga. Ndaro ameuawa.

Huyo Ndaro alikuwa mhamiaji. Hakuwa na ndugu hapo. Mkewe alikwisha kufa, akabaki na binti mmoja, Siwema, mtoto wa umri ule wa kung'oka meno ya utoto. Wakamwita Siwema. Kimya. Wakamtafuta ndani. Hayumo. Wakamtafuta kisimani. Hayuko.

Ndaro akazikwa kabla jua halijapanda. Na hata udongo haujashikana, watu waliacha kuulizana nani kamuua. Swali hilo lilikuwa zito, na jibu lake huenda lilikuwa limesimama hapo hapo makaburini pamoja nao. Swali la mtoto lilikuwa jepesi. Mtoto yuko wapi? Hapo kila mtu alikuwa na lake.

Aliyejua kweli alikuwa mmoja tu, naye hakusema.

Maana asubuhi ile, kabla mtu hajapiga yowe, Bibi Mbeyu alikuwa jikoni akipuliza moto. Mlango ukasukumwa. Siwema akaingia, anahema, nguo imechanika kwa miiba.

"Baba kaniambia kimbia," akasema. "Nikakimbia."

"Nani alikuwa naye?"

"Sijui, bibi. Nilisikia panga, na baba akianguka. Sikugeuka."

Bibi Mbeyu akaketi. Akafikiri. Mtoto hakugeuka, lakini mwenye panga hajui hilo. Atamtafuta. Na mwenye panga anaweza kuwa yeyote, hata huyo atakayekuja kutoa pole akilia kuliko wote. Akimtoa mtoto nje leo, kesho watazika tena. Bibi Mbeyu aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Akamnyanyua mtoto.

Alimpandisha uchagani. Nanyi mnajua uchaga, ule wa kukaushia mahindi, uliojengwa juu ya moto. Akamlaza nyuma ya mahindi, akampa kitambaa kilicholowa maji.

"Ukibanwa na kikohozi, uma kitambaa."

"Ndiyo, bibi."

Hakumaliza hata kushuka, yowe likapigwa. Ndaro akazikwa, na bibi aliporudi jikoni hakukaa hata kitako. Nje, hodi!

Akaingia Mzee Toya na gogo begani. Akalibwaga. Pu! Moshi ukapanda. Fuu!

"Bibi, mtoto kaliwa na fisi. Mifupa imeonekana."

"Umeiona?"

"Kaiona shemeji yangu."

"Ahaa," akasema Bibi Mbeyu.

Hodi! Akaingia Dama, msusi wa makuti, na gogo nene kuliko la Toya. Pu! Moshi, fuu!

"Bibi, mtoto kachukuliwa na watu wa msafara. Wamemtia kwenye gunia la chumvi."

"Umemwona ndani ya gunia?"

"Bibi nawe! Gunia likishafungwa, utaonaje kilichomo?"

"Ahaa."

Hodi, hodi, hodi! Kijiji kizima kilileta. Mmoja kasema mtoto amegeuka kunguru. Mwingine kasema hapana, kunguru yule anamjua, ni wa siku nyingi. Mwingine kasema Ndaro hakuwahi kuwa na mtoto, na watu wakamjia juu wakamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa akimtuma huyo mtoto dukani. Ah, duka lilitoka wapi zama zile? Alikuwa akimtuma kisimani. Nisahihisheni tu, msinicheke.

Gogo, pu! Moshi, fuu! Na kule juu, kidogo, kho!

Kila mtoto alipokohoa, Bibi Mbeyu naye alikohoa, kwa nguvu zaidi. Kho, kho, kho!

"Pole, bibi. Kikohozi hicho kibaya."

"Nimeshapoa, mwanangu. Endelea."

Kuzima moto hakuweza. Kukataa kuni hakuweza, wangeuliza kwa nini. Kumhamisha mtoto hakuweza, maana mlangoni watu hawakukatika. Basi jioni habari mpya ikazagaa: Bibi Mbeyu naye anakufa, kakohozwa na mzimu wa Siwema. Habari hiyo pia ililetwa kwake, na gogo lake.

Wa mwisho siku hiyo alikuwa Kombe. Gogo la Kombe lilibebwa na watu wawili. Puuu! Jiko likatikisika. Kila aliyekuwapo akasema moyoni, hii sasa ndiyo kweli yenyewe.

"Bibi," akasema Kombe, "mtoto ndiye aliyemuua baba yake."

"Mtoto wa kimo hiki?"

"Ndiyo maana hakuna aliyemshuku."

"Panga alilinyanyuaje?"

"Mashetani yalimshikia upande mmoja."

Kule juu mahindi yakatikisika. Bibi Mbeyu akasikia sauti ndogo ya mtu anayelia huku ameuma kitambaa. Akapandwa na hasira, hasira ya kweli, ile ya kukausha mate. Alitamani kumpiga Kombe kwa gogo lake mwenyewe, ila lilikuwa zito.

"Ahaa," akasema.

Usiku ule alimshusha mtoto, akamwosha macho, akamlisha uji. Siwema hakuuliza kitu. Na kutouliza kwake kulimuumiza bibi kuliko moshi wote ule.

Kulipokucha, hodi! Akaingia Mwero. Huyu Mwero alikuwa jirani wa Ndaro, minazi yao imepakana. Ndiye aliyemchimbia Ndaro kaburi, tena peke yake, na kijiji kilikuwa bado kinamsifu. Akaweka gogo lake polepole, bila kulibwaga. Gogo jema, kavu.

"Umeleta habari gani, Mwero?"

"Sina habari, bibi. Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

"Huyo mtoto. Watu wanasema mengi. Sasa, ikiwa yu hai, akapatikana, atakuwa kaona nini?"

Mkono wa Bibi Mbeyu ukasimama juu ya moto. Kijiji kizima kilikuwa kimempa kuni kikampa na majibu. Huyu kampa kuni, anaomba jibu. Wengine waliridhika na hadithi ya mtoto. Huyu alimtaka mtoto mwenyewe.

Na hapo hapo, juu: kho!

Bibi Mbeyu akakohoa. Kho, kho, kho! Lakini alichelewa. Mwero alikwisha inua macho.

"Kikohozi chako kina mwangwi, bibi."

"Uzee, mwanangu. Kila kitu changu siku hizi kinatokea mara mbili."

Mwero hakucheka. Bado alitazama uchaga. Bibi Mbeyu akamvuta mkono, akateremsha sauti.

"Sikia. Wewe ulimzika Ndaro, kwa hiyo nakuambia wewe peke yako. Mtoto yuko katika pango la popo, ng'ambo ya mto. Mguu umevimba, hawezi kutembea. Hajala, hajanywa. Leo njiani wamejaa watu, kesho asubuhi nenda ukamlete. Wengine watamtisha kwa maneno yao."

"Kaona nini?"

"Atakuambia mwenyewe."

Mwero akashukuru. Akatoka. Mlangoni aligeuka akatazama juu mara moja, kisha akaenda zake.

Bibi Mbeyu alijua kwamba kuuliza si kosa. Mtu hahukumiwi kwa swali. Akawaita Toya, Dama na Kombe, akawaambia, "Kesho alfajiri twende pango la popo. Lakini atakayefungua kinywa njiani, arudi nyumbani." Wakakubali. Kombe alitembea njia nzima amejiziba mdomo kwa mikono miwili, na jasho lilimtoka.

Siwema aliachwa uchagani. Mlango ulifungwa kwa kamba. Ulikuwa mlango wa makuti, ambao hata mbuzi akiamua huufungua.

Wakajificha nyuma ya mawe karibu na pango. Jua likachomoza. Mwero hakuja. Jua likapanda. Mwero hakuja. Bibi Mbeyu akaanza kuuona ule mlango wa makuti. Akaiona kamba. Akamwona Mwero akiinua macho juu. Je, kama hakuamini? Je, kama yuko jikoni sasa hivi? Miguu yake ikataka kukimbia, naye umri wa kukimbia ulikwisha mpita. Akasema kimoyomoyo, "Nimemuua mtoto kwa werevu wangu."

Mara, vichaka, chaka chaka chaka! Mwero huyo. Akasimama mlangoni mwa pango.

"Siwema! Siwema, mwanangu! Njoo kwa baba Mwero!"

Popo wakatoka, buruburu! Mtoto hakutoka. Mwero akaingia ndani. Akakaa huko. Akatoka. Akamkuta Bibi Mbeyu amesimama, na wenzake watatu nyuma yake.

"Mwero, maji ya mtoto yako wapi?"

Mwero akatazama mikono yake. Hakuwa na maji.

"Chakula chake?"

Hakuwa na chakula.

"Nilikuambia hajala wala hajanywa, na mguu umevimba. Hukuleta kibuyu, hukuleta hata mbeleko ya kumbebea. Umeleta panga."

"La nyoka," akasema Mwero.

"Umelinoa pande zote mbili. Huyo nyoka ana ugomvi gani nawe?"

Na Bibi Mbeyu akamwambia taratibu, kama mtu anayempa mwenziwe habari ya kawaida:

"Mtoto hakukuona, Mwero. Babake alimwambia kimbia, akakimbia. Hakugeuka."

Panga likaanguka, kang'! Mwero akaketi juu ya jiwe.

"Hakuniona?"

"Hakukuona."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mwero akashika kichwa. Akasema ni ile minazi. Ndaro hakuwa na ndugu, na shamba lisilo na mrithi huangukia jirani. Alikuwa amebakiza mrithi mmoja tu. Alisema hayo yote mwenyewe, bila kuguswa. Kombe hakuwa na la kuongeza.

Mwero alivushwa mto akaambiwa asirudi, na hakurudi. Minazi ikabaki ya Siwema.

Lakini kwanza walirudi naye kijijini, na Bibi Mbeyu alikwenda moja kwa moja jikoni kwake. Kamba iko vile vile. Akafungua. Akaita. Siwema akateremka, mweusi wa masizi, macho mekundu. Bibi Mbeyu akamkumbatia akalia kwa sauti mbele ya watu, na hakuona haya. Kisha akamtoa uani, ambako kijiji kizima kilikuwa kimejaa.

Watu wakamtazama. Mzee Toya akasogea, akamchunguza mbele na nyuma. Akasema kwa huzuni, "Sasa ile mifupa ni ya nani?"

"Ulikuwa wapi, mwanangu?" akauliza Dama. "Tumekutafuta mno."

Siwema akaonyesha kidole mlangoni, jikoni, juu.

"Pale. Niliwasikia."

Kila mtu akakumbuka aliyoyasema. Kombe akatazama vidole vyake vya miguu. Hakuna aliyekohoa.

Kisha mtoto akauliza swali lake, la kwanza tangu asubuhi ile.

"Baba yangu yuko wapi?"

Watu wale waliojua fisi, na gunia, na kunguru, na mashetani, hakuna aliyefungua kinywa. Maana kaburi la Ndaro lilichimbwa na Mwero, na tangu lifukiwe hakuna aliyekwenda hata kuling'oa jani. Matanga hayakukaliwa. Wangekaa saa ngapi, na kuni zilikuwa za kubeba?

Bibi Mbeyu akamshika mtoto mkono, wakaenda. Nyuma yao, mmoja mmoja, kijiji kikafuata. Wakafika, wakaketi chini kwenye udongo. Wakaanza kumlilia Ndaro, wakiwa wamechelewa, naye Siwema akalia katikati yao. Hakuna aliyesimulia kitu.

Bibi Mbeyu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipokufa, Siwema, mwanamke mzima sasa mwenye wanawe, ndiye aliyemwosha.

Basi ninyi mnaonisikiliza: mtoto wa mtu akipotea, mtafuteni. Kama hamwezi kumtafuta, mlilieni. Na kama kulia nako hamwezi, nyamazeni, maana huenda yuko karibu, na anasikia.

Hadithi yangu imetua hapo, nami nanyamaza.